Nyumba ina shida, mtoto aende kambi gani? Ulinganisho wa kutwa, bweni, kambi maalumu na kambi ya familia

Familia ikiingia katika kipindi kigumu, kambi ya likizo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufutwa. Mzazi aliyeachishwa kazi anaiona ni anasa. Aliyefiwa anaona haya mtoto kwenda kucheza wakati nyumba bado ina msiba. Mwenye mgonjwa hataki kumtoa mtoto machoni pake. Sababu zote hizo zinaeleweka, na mojawapo, kama tutakavyoona, mara nyingine ni sahihi kabisa. Lakini kambi nyingi za watoto zilianzishwa kwa sababu ya shida. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion aliwachukua watoto wa familia fukara za Zürich, Uswisi, akawapeleka milima ya Appenzell wakapate hewa safi na chakula cha kushibisha, na mfano wake ukaenea Ulaya. Mwaka uliofuata mchungaji mwingine, Willard Parsons, alianza kuwatafutia watoto wa mitaa duni ya New York familia za mashambani za kuwapokea. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa shirika la Fresh Air Fund, ambalo lipo hadi leo. Artek, kambi mashuhuri ya Crimea, ilifunguliwa mwaka 1925 kuwahudumia watoto wenye kifua kikuu.

Basi mzazi asijione mbadhirifu kwa kulifikiria jambo hili. Kazi iliyobaki ni kuchagua, na hapo wengi huanza kwa kuuliza kambi ipi ni nzuri zaidi. Mimi ningeanza kwingine: shida yenu imemnyang'anya mtoto kitu gani? Kuna shida inayokomba fedha na muda wa wazazi. Kuna inayomwacha mtoto bila rafiki hata mmoja anayeelewa yaliyomkuta. Na kuna inayomnyang'anya wazazi wenyewe: wapo nyumbani, wanakula naye, lakini akili zao ziko hospitali au kwenye madeni. Kila aina ya kambi hurudisha kimoja kati ya hivyo vizuri, na vingine kwa kuchechemea.

Kutwa au bweni

Kambi ya kutwa mtoto anapelekwa asubuhi na kurudi jioni. Ya bweni analala huko, kwa kawaida wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi.

Kama shida yenu ni ya fedha, naegemea kutwa, na si kwa sababu ada yake huwa ndogo tu. Likizo ndefu ina wiki nyingi. Bweni la wiki moja, hata likiwa la kufadhiliwa, linaziacha wiki nyingine zote mikononi mwa mzazi ambaye huenda asubuhi anatakiwa kwenye usaili wa kazi na mchana kwenye ofisi ya misaada. Kambi ya kutwa ya kawaida, isiyo na ziwa wala farasi, inayompokea mtoto siku tano za wiki, ina msaada mkubwa kwa familia hiyo kuliko wiki moja ya kifahari msituni. Halafu kuna chakula. Mtoto aliyezoea kupata mlo shuleni huukosa shule zikifungwa. Nchini Marekani upo mpango wa shirikisho unaolipia milo ya likizo kwa watoto hadi umri wa miaka 18 katika maeneo ya kipato cha chini, na kambi za kutwa ni miongoni mwa vituo vinavyoweza kuigawa. Nchi hiyohiyo, katika nafuu ya kodi inayotolewa kwa gharama za malezi, mzazi anayefanya kazi anaweza kuhesabu ada ya kambi ya kutwa ya mtoto aliye chini ya miaka 13. Ya kambi ya kulala haihesabiwi. Kwa familia inayobana matumizi, hilo ni la kupigia hesabu kabla ya kujaza fomu yoyote. Ukiwa nchi nyingine, ulizia sheria za huko, kwa sababu ruzuku nyingi za malezi nazo hulenga saa ambazo mzazi yuko kazini.

Wanaohudumia familia zilizokimbia vita nao waliegemea upande huo. Wakati wa vita vya Kosovo mwaka 1999, UNICEF iliwawekea watoto wakimbizi waliokuwa Albania maeneo maalumu ya kucheza na kujifunza, na mtindo huo umetumika katika majanga mengi tangu hapo. Mtoto hucheza chini ya uangalizi karibu na familia yake, kisha anarudi kwa watu wake. Aliyeng'olewa kwao hahitaji kung'olewa mara ya pili.

Bweni lina nguvu pale ambapo nyumba yenyewe ndiyo imekuwa mzigo. Nawafikiria hasa watoto waliogeuzwa watu wazima kabla ya wakati: anayepika na kuwaogesha wadogo zake kwa sababu mama yuko kitandani, anayejua tarehe ya kodi ya nyumba, anayesikiliza ugomvi wa wazazi wanaoachana akijipanga ni nani wa kumliwaza kwanza. Mpeleke huyo kambi ya kutwa, saa kumi na moja jioni anarudi kazini. Siku saba za kulala mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayehesabu watoto na kuzima taa, kwake ni jambo ambalo kutwa haliwezi kulitoa. Mzazi naye hupata usingizi, na hilo si la kuonea aibu.

Gharama za bweni zinajificha. Ada ikisamehewa bado kuna nauli, mfuko wa kulalia, viatu vya kutembelea, uchunguzi wa daktari kabla ya kupokelewa, na pesa ya duka la kambi. Uliza mapema kama vifaa vinaazimwa. Kambi zilizozoea kupokea watoto wa familia zenye uhitaji huwa na ghala lake, na nyingine huandaa basi.

Tofauti nyingine ni idadi ya walezi. Chama cha kambi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1910 na kinachozikagua kambi kwa hiari yao, kina viwango vinavyofaa kuwa kipimo hata kwa mzazi aliye mbali na nchi hiyo:

| Umri wa watoto | Bweni: mlezi 1 kwa watoto | Kutwa: mlezi 1 kwa watoto |
|---|---|---|
| Miaka 6–8 | 6 | 8 |
| Miaka 9–14 | 8 | 10 |
| Miaka 15–18 | 10 | 12 |

Mtoto aliyetikiswa na jambo zito anahitaji idadi bora kuliko hiyo. Kambi ikikujibu kwa jumla tu, kwamba walezi wapo wa kutosha, rudia swali kwa kutaja umri wa mwanao.

Kuhusu kukumbuka nyumbani: karibu kila mtoto anayelala nje hukumbuka nyumbani walau kidogo, na wengi hupoa baada ya siku chache. Mwanasaikolojia Christopher Thurber amelitafiti suala hili kwa miaka mingi, na mwaka 2007 yeye na daktari Edward Walton waliandika mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani. Ushauri wao unashikika: mshirikishe mtoto katika uamuzi wa kwenda, mfanyishe mazoezi ya kulala nje usiku mmoja mmoja kabla ya kambi, na usimwahidi kwamba ukizidiwa nitakuja kukuchukua. Ahadi hiyo humwambia kwamba hata wewe huamini kama ataweza, kisha humfanya asubiri gari badala ya kutafuta marafiki. Naongeza la kwangu. Mtoto wa nyumba yenye shida anaweza kuwa na hofu ya aina nyingine kabisa. Aliyeondoka asubuhi kwenda shule na kurudi akakuta baba amekufa, anajua kwamba mambo hutokea yeye akiwa hayupo. Huyo anataka kuilinda nyumba. Mazoezi ya kulala nje hayamtoshi. Anahitaji kujua waziwazi ni nani atakaa na mama, na kwamba kukitokea jambo ataambiwa siku hiyohiyo. Hapo tekeleza kweli. Mtoto akigundua mara moja tu kwamba alifichwa, kambi ya mwaka unaofuata isahau.

Kambi ya kila mtoto au ya wenye shida moja

Huu ndio uamuzi ninaouona mzito zaidi, ingawa wazazi wengi huufanya kwa haraka kwa sababu hawajui kwamba kambi maalumu zipo, au wanadhani ni sehemu za huzuni.

Zilianza na maradhi. Insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, na kufikia 1925 Michigan ilikuwa na kambi ya watoto wenye kisukari, yaani miaka mitatu tu tangu watoto hao wapate dawa ya kuwaweka hai. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alifungua Hole in the Wall Gang Camp huko Ashford, Connecticut, kwa watoto wenye saratani na maradhi mengine makubwa. Familia hailipi chochote, na madaktari na wauguzi wanaishi humohumo kambini. Kutoka hapo umekua mtandao wa SeriousFun, wenye kambi kama Barretstown ya Ireland, Bátor Tábor ya Hungary na Dynamo Camp ya Italia. Kwa watoto ambao mzazi wao ndiye mwenye saratani kuna Camp Kesem, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford na inayoendeshwa na wanafunzi wa vyuo. Kwa waliofiwa kuna Camp Erin, kambi za mwisho wa juma zilizoanza mwaka 2002. Hizo mbili nazo ni za bure.

Zinatoa kitu gani ambacho kambi ya kawaida haina? Mtoto aliyefiwa na mama huenda ndiye pekee wa aina yake darasani. Wenzake wanamkwepa kwa kutojua la kusema, au wanamhurumia mpaka anachoka. Katika kambi ya waliofiwa, mtoto wa kitanda cha jirani anauliza "wako alikufa na nini?" kwa sauti ileile ya kuuliza timu unayoshangilia, anajibiwa, kisha wanakwenda kuogelea. Watoto huomboleza kwa vipande: dakika kumi za kulia, halafu anaulizia mpira uko wapi. Watu wazima huona huo mpira wakadhani amesahau. Kambi zinazojua kazi yake hupanga siku kwa mwendo huohuo, michezo mingi, na katikati yake saa moja ya kuzungumza au ya kuwakumbuka marehemu, kisha michezo tena.

Katika maradhi faida ni ya wazi zaidi. Mtoto mwenye kovu kifuani hupita bila shati na hakuna anayegeuka. Dawa zinagawiwa kama sehemu ya ratiba. Na kuna kundi ambalo mimi ningelipigania kabla ya mengine: ndugu wa mgonjwa. Mwaka mzima ameambiwa asubiri, apunguze kelele, aelewe. Hapati zawadi za wageni. Anaogopa kulalamika kwa sababu kaka yake ndiye anayeumwa, na mara nyingine anaamini kimoyomoyo kwamba ugonjwa ule ni kosa lake. Kambi kadhaa za watoto wagonjwa, Hole in the Wall ikiwamo, hutenga vipindi vya ndugu peke yao. Ukiwa na nafasi moja tu ya kuomba mwaka huu, na mgonjwa wako hana nguvu ya kusafiri, muombee huyo ndugu.

Lakini kambi ya kawaida ina zawadi yake: hakuna anayejua. Wapo watoto waliochoka kuwa "yule aliyefiwa". Wanataka wiki mbili za kujulikana kwa kupiga mbizi au kwa kukoroma. Msichana wa miaka kumi na minne anayekuambia hataki kwenda kukaa na watu wanaolia, msikilize, na usimdhanie kwamba anaikwepa huzuni yake. Kwa shida ya kazi kupotea, madeni, au wazazi kuachana, sioni haja ya kambi maalumu hata kidogo. Hapo mtoto hana ugonjwa wala msiba wa kuzungumziwa kambini, ana uchovu wa nyumba. Mchezo wa kawaida na walezi wema vinamtosha.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa sugu, suala hili liamuliwe na zahanati ya kambi kuliko hisia. Je, kuna muuguzi usiku, au ni mchana tu? Dawa inayohitaji jokofu itakaa wapi? Hospitali iko umbali gani? Kambi ya kawaida ikijibu vizuri, mpeleke na asitengwe. Ikisitasita, usiilazimishe.

Mtoto peke yake au nyumba nzima

Kambi ya familia huwa fupi, aghalabu mwisho wa juma au siku chache, na wazazi wanakwenda pamoja na watoto wote. Barretstown na nyingine za mtandao wa SeriousFun huziandaa kwa familia zenye mtoto mgonjwa. Huko Marekani, chama cha familia za wanajeshi kilichoanza kambi za watoto za Operation Purple mwaka 2004 baadaye kiliongeza za familia nzima, na sababu ni rahisi kuiona. Askari anayerudi baada ya mwaka hukuta watu waliozoea kuishi bila yeye. Kumpeleka mtoto peke yake kambini wakati huo ni kuwatenganisha tena.

Nguvu yake ni kwa wazazi. Mtu aliyemuuguza mtoto kwa miezi anakaa meza moja na mzazi mwingine wa namna yake, anapakuliwa chakula ambacho hakukipika, anamwona mwanawe akipanda ukuta wa kamba ambao yeye angemkataza. Watoto nao wanamwona baba akicheka, jambo ambalo huenda lilikuwa limeadimika.

Udhaifu wake: haitoi siku nyingi, inadai likizo ya kazi ambayo mwenye kibarua cha siku hana, na kijana wa miaka kumi na sita ataona ni adhabu. Tena kama shida yenu ni ugomvi wa wazazi wenyewe, msiende. Chumba kimoja cha kambi na watoto pembeni si mahali pa kupatana.

Kutokwenda popote

Hili nalo ni chaguo. Nyumba ya bibi au mjomba yenye binamu wengi inaweza kufanya kazi ya bweni zuri, bila fomu.

Kuna hali mbili ambazo ningemwacha mtoto nyumbani hata kama kambi ni ya bure na basi liko mlangoni. Ya kwanza ni wiki za mwanzo baada ya kifo. Hata kambi ya waliofiwa ingoje. Kwanza mtoto ajue nani atamwamsha asubuhi na atalala wapi. Ya pili ni mzazi aliye katika siku zake za mwisho. Ndugu wenye nia njema hushauri mtoto apelekwe mbali asishuhudie. Atakaporudi na kukuta mazishi yamepita, hatakumbuka kwamba alilindwa, atakumbuka kwamba alinyimwa kuaga. Mtoto mdogo sana ambaye analia ukienda bafuni naye hajafika umri wa bweni, hata kama shangazi anasema litamkomaza.

Kabla ya kujaza fomu

Msamaha wa ada uulizie hata pale usipotangazwa, na uulizie mapema, kwa sababu mifuko mingi ya ufadhili hugawiwa miezi kadhaa kabla ya kambi kufunguliwa. Sema kiasi unachoweza kulipa badala ya kusema huna. Kambi nyingi huweza kupunguza ada hata pale zisipoweza kuifuta yote. Uliza walezi wanachunguzwaje kabla ya kuajiriwa, na kama kuna kanuni inayokataza mtu mzima kuwa peke yake na mtoto faraghani. Jibu la kusuasua hapo linatosha kuifuta kambi hiyo, ufadhili au hapana. Uliza pia utaratibu wa simu, maana kambi nyingi za bweni huzizuia, na mtoto mwenye mgonjwa nyumbani anahitaji kujua habari zitamfikiaje.

Kisha waambie ukweli. Wazazi wengi huficha shida kwa kuogopa mtoto atatengwa au familia itasemwa, na matokeo yake mlezi wa miaka kumi na tisa anawaambia watoto wote wawaandikie baba zao barua bila kujua ni nani kati yao hana baba tangu Machi. Sentensi mbili zinatosha: "Baba yake alifariki miezi minne iliyopita. Akinyamaza jioni, mwacheni dakika chache kisha mwiteni kwenye mchezo." Mwonyeshe mtoto ulichokiandika, mkubaliane walezi peke yao ndio wajue au na wenzake pia. Na kama wazazi mmeachana, jazeni kwa maandishi majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, mkiwa mmekubaliana kabla ya siku ya kumpeleka.